Zamu ya Kumpumzisha Senje

Kabla sijaona mtu, nilisikia viti. Nilikuwa bado kwenye ngazi za jengo moja la Ngara, pale ambapo balbu imeungua na ukuta umeng'aa kwa mikono ya wapitao, na juu yangu viti vya plastiki vilikuwa vikiburutwa kwenye sakafu ya saruji, kimoja baada ya kingine, kwa mkwaruzo ule unaoingia kwenye meno. Nilisimama. Nilijua bila kuambiwa kwamba ni wanawake wanaoviburuta, kwamba wamejifunga leso viunoni, na kwamba kati yao yuko mmoja anayetoa amri bila kugusa kiti chochote. Nilipofika mlangoni nikawakuta hivyo hivyo. Tulikuwa tumeitwa kupanga mazishi ya shangazi yangu, Senje Dorika, aliyeanguka wiki hiyo kando ya sufuria ya wali kwenye matanga ya mtu mwingine huko Kangemi, akafia hospitalini siku chache baadaye. Mama Beti, ambaye amezeeka lakini sauti yake imekataa kuzeeka, alinishika mikono yote miwili, machozi yakimtiririka. "Nekesa, mama yetu ameenda. Huyo mama hakujua kuketi. Tangu nimjue, sijawahi kumwona ameketi." Wenzake wakaitikia, ni kweli, ni kweli, hakujua kuketi, na mchungaji akasema kwamba hilo ndilo neno litakalosemwa kaburini. Nikapewa kiti, nikapewa chai. Niliinywa kwa sababu bila kikombe mdomoni ningesema. Mama Beti alijua ninachokijua, ila yeye alikuwa amekisahau kwa moyo mweupe kabisa. Kulikuwa na mwaka mmoja ambao Senje aliketi, na ni wao waliomwinua.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza chuo, sina kazi, na Senje alinipokea katika chumba chake kimoja kwenye mteremko wa nyuma ya soko la Kangemi. Pazia la maua ya samawati lilikigawa chumba: upande wa dirisha kitanda chake, upande wa mlango godoro langu, jiko la gesi, ndoo za maji na kabati ya vyombo isiyofungika. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sahani. Zilikuwa sahani za melamini, dazeni baada ya dazeni, zimefungwa kwa magazeti na kamba ya katani, pamoja na sufuria mbili ambazo mtoto angeweza kuoga ndani yake. Senje alikuwa mlezi wa akina mama wa kanisa letu, na popote alipofariki mtu wa kwetu, toka Kangemi mpaka Uthiru, yeye aliitwa kabla ya gari la maiti. Asubuhi aliuza mboga sokoni, mrenda, kunde na sagaa, akichambua majani huku akisikiliza ndoa za wateja wake. Jioni alikuwa jikoni kwa wafiwa. Jumatatu kutembelea wagonjwa, Jumanne kikao cha akina mama, Jumatano mafundisho, Ijumaa kesha, Jumamosi harusi au mazishi, Jumapili ibada, halafu vyombo vya ibada. Nikiwa upande wangu wa pazia nilimsikia akirudi, akiketi ukingoni mwa kitanda, akivua kiatu kimoja, kisha kimya. Asubuhi mara nyingi nilimkuta amelala na kiatu cha pili mguuni.

Mvua za kwanza zilipoanza aliangukia mboga zake mwenyewe sokoni. Nilienda naye kliniki. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye tai iliyokuwa ndefu kuliko yeye, na alipoitazama mashine ya presha aliitazama mara ya pili. "Mama, hii ni presha ya mtu anayekimbizwa," alisema. "Nani anakukimbiza?" Senje akacheka. "Daktari, mimi ndiye nakimbiza watu." "Basi chagua siku moja kila wiki usikimbize mtu yeyote. Ukikataa, utatuacha." Senje alilirudia neno hilo njia nzima akilicheka, akawaambia wauza ndizi, akamwambia fundi wa viatu, nani anakukimbiza, nani anakukimbiza. Tulipofika nyumbani akavua viatu vyote viwili, akaviweka sambamba kando ya mlango, na hakucheka tena.

Alichagua Alhamisi, siku pekee ambayo hakuna aliyekuwa ameshaichukua. Jumatano alichemsha viazi vitamu na mahindi, akapika mboga, akafunika, ili Alhamisi pasiwashwe moto. Simu aliizima na kuizika kwenye debe la unga. Kalenda ya kanisa, iliyokuwa na picha ya maporomoko ya maji ya nchi nisiyoijua, aliiondoa ukutani kwa sababu ilikuwa na tarehe. Kisha akaketi kwenye kigoda, akautazama ukuta. Ni hayo tu. Alhamisi ya kwanza nilidhani anaomba, nikatembea kwa ncha za vidole. Ya pili nikashindwa kuvumilia, nikauliza kupitia pazia, "Senje, unaombea nini?"

"Siombi."

"Sasa unafanya nini?"

"Nimemwambia Mungu mambo tangu nikiwa msichana mdogo. Nimechoka kumwambia. Nangoja nione kama naye ana la kuniambia."

"Na amesema?"

Akafikiri. "Bado. Lakini hanikimbizi."

Sijui niielezeje ile miezi bila kuiharibu, maana ni kuieleza ndiko kulikoiharibu. Nilikuwa nimefika kwake nikiwa nimechujuka. Kila siku nilikwenda mjini na bahasha ya vyeti, nikapanda ngazi za ofisi, nikaambiwa tutakuita, nikashuka. Nilikuwa nimejifunza kutabasamu kwa namna iliyoniumiza mashavu. Alhamisi sikwenda. Nililala chali upande wangu wa pazia, na kwa kuwa hakuna aliyenena nikaanza kusikia: mfereji wa ploti, ule wa wapangaji wote, ukidondoka, jirani akipuliza uji wa mtoto, Senje akimenya kiazi baridi, ganda likiachia. Mchana tulikula kwenye sahani moja bila kuambiana chochote, mboga za jana zina ladha ya chuma kidogo, chumvi imeingia mpaka ndani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa na mtu mzima asiyenitaka kitu. Kufikia jioni nilijisikia kama nguo iliyotundikwa kwenye upepo baada ya kusahaulika ndani ya beseni. Nilianza kuandika katika mojawapo ya Alhamisi hizo, nyuma ya bahasha ya vyeti, na ninachokijua leo kuhusu kuandika nilikipata pale, karibu na ndoo za maji. Marafiki zangu wa sasa, watu wa vitabu, hulipia nyumba za wageni huko Limuru ili wakakae kimya siku mbili tatu, wakirudi wanasimulia chakula. Mimi huwasikiliza na kujaribu kutowachukia.

Senje alibadilika waziwazi. Sauti yake ilishuka. Alianza kuwaambia wateja "sijui" pale ambapo zamani angewapa ushauri wa saa nzima. Siku moja alipiga magoti, akavuta zile sahani zote kutoka chini ya kitanda, furushi kwa furushi, akazitazama kama mtu aliyekuta nyoka. "Nekesa, hebu ona. Kumbe miaka yote hii nalalia matanga ya watu." Tulizibeba sisi wawili mpaka stoo ya kanisa, pamoja na zile sufuria. Tuliporudi akafagia ile sehemu iliyobaki wazi, akaifagia tena, kisha akalala juu ya kitanda na kuchungulia chini kutazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kule kliniki daktari aliitazama mashine mara ya pili tena, lakini safari hii akitabasamu.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Kwetu, Mungu akikutendea jambo husimama kanisani ukalisema. Ukilinyamazia, linaweza kurudishwa lilikotoka. Jumapili hiyo alisimama, akasawazisha kitambaa cha kichwa. "Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi sina mengi. Nataka kushukuru kwa sababu ya Alhamisi. Siku hizi Alhamisi nafunga mlango nakaa peke yangu na Mungu, na nimepumzika. Ni hayo tu. Mniombee nisiwache."

Niliziona nyuso za akina mama, na hazikuwa na furaha. Walikuwa wameshtuka. Ibada ilipoisha Mama Beti, aliyekuwa msaidizi wake, alimshika mkono na kumvuta kando ya tangi la maji. "Mama Mlezi, unaumwa na hutuambii?"

"Siumwi."

"Unakaa peke yako, mlango umefungwa, na huumwi?"

"Ndiyo."

"Kama ni kitu ya nyumbani, sema tu. Kwani sisi ni wa nani?"

"Mama Beti, napumzika."

"Sawa," Mama Beti akasema, na macho yake yakajaa huruma iliyonitisha. "Sawa, mama. Tumesikia."

Ilinichukua miaka mingi kuelewa walichosikia. Kwa hao akina mama, waliozaliwa magharibi mwa Kenya na kuletwa Nairobi na ndoa au na njaa, mwanamke huketi bila kazi wakati mmoja tu, akiwa amefiwa. Hapo ndipo wengine hufagia, hupika, yeye akakaa kwenye mkeka akitazama ukuta, na hapo ndipo isipowezekana kabisa kumwacha peke yake, kwa sababu mfiwa aliyeachwa peke yake humfuata marehemu. Senje alipowaambia kwamba anaketi, walijua la kufanya. Mchungaji, mtu mwema ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo, alilitangaza Jumapili iliyofuata kwa furaha. Akina mama wamepanga zamu ya kumpumzisha mama yetu. Alhamisi hatakuwa mpweke tena.

Walikuja wawili kwanza, Mama Beti na jirani yake Mama Timo, mwanamke mwembamba mwenye utani. Hodi yao niliisikia nikiwa bado nimelala. "Tumekuja kukusindikiza kupumzika," Mama Beti alisema, akaketi kitandani. Mama Timo akaketi kwenye godoro langu. Senje akawatazama, akarudi kwenye kigoda chake.

"Tunyamaze sasa?" Mama Timo akauliza.

"Mnyamaze."

Wakanyamaza. Mama Timo akakohoa. Akatazama dari. "Aki Mama Mlezi, hii kunyamaza ni ya mpaka saa ngapi? Nisije nikapitiliza nikawa bubu, mzee wangu afurahi." Mama Beti akampiga kofi la goti, na wote watatu wakacheka, Senje naye, cheko lake la zamani. Lakini nililiona jicho lake likienda kwenye jiko la gesi. Mgeni haketi kinywa kikavu. Alijizuia, akajizuia, mpaka mikono ikaanza kusugua magoti. Kisha akainuka, akawasha moto.

Baada ya hapo sikumbuki Alhamisi moja moja, nakumbuka mkwaruzo wa viti. Walikuwa wanne, wakawa wanane, chumba kikawakataa, wakapanga viti vya kanisa kwenye ukumbi wa ploti hadi mferejini. Walileta watoto. Walileta kushona kwao. Waliimba kwa sauti ya chini, kwa kumheshimu, na sauti ya chini ya wanawake wengi ni sauti ya juu. Na kwa kuwa walikuwa wengi, sahani zilirudi kutoka stoo ya kanisa, zikaingia chini ya kitanda. Jumatano Senje alichemsha mahindi na maharagwe kwenye sufuria kubwa ili Alhamisi waliokuja kumpumzisha wapate chakula. Nilimwambia awafukuze. "Wanakuja kwa upendo," alisema. Nikamwambia upendo wao utamuua. "Basi niambie wa kwako unaonyamaza ni upi," akanijibu, na nilijua kwamba amechoka, kwa sababu hakuwa mtu wa kuumiza. Mashine ya presha ilipanda tena.

Mwezi wa tisa nilipata kazi Hurlingham, mapokezi, katika ofisi ya kupangisha nyumba iliyokuwa chini ya jengo la ghorofa, kando ya barabara ya Argwings Kodhek. Nilitembea asubuhi kutoka Kangemi, nikipita kando ya ua wa michongoma wa Lavington uliokatwa kama keki. Meneja wangu, Bwana Mutua, alikuwa Mkamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na juu ya vichwa vyetu, ghorofa ya nne, kulikuwa na nyumba ambayo haikuwa imepata mpangaji. Nilimweleza habari za Senje nikitegemea anicheke. Alisikiliza mpaka mwisho. "Anapika?" aliuliza. "Hapiki." "Anaimba?" "Haimbi." "Basi mlete. Nyumba ikikosa mtu inanuka. Akitokea mteja, atoke kidogo, arudi."

Hakukuwa na kitu ndani ya nyumba ile. Sakafu ya mbao, kuta nyeupe, dirisha pana lenye mti wa jakaranda na nyuma yake paa za watu ambao hatungewajua kamwe. Alhamisi ya kwanza Senje alivua viatu mlangoni, akazunguka vyumba vyote akigusa kuta kwa kiganja, akaketi sakafuni chini ya dirisha na miguu ameinyoosha mbele kama msichana. Saa ya chakula nilipanda kwake. Tulikula viazi vitamu kwenye gazeti. Mwanga ulisogea sakafuni, ukafika vidole vya miguu yake, ukavipanda. Hakunigeukia, lakini alinyoosha mkono akaushika wangu, akauweka pajani mwake, ukakaa pale mpaka muda wangu wa kurudi kazini ulipoisha. Mambo mengi mazuri yamenipata tangu hapo. Hakuna hata moja ambalo nisingelibadilisha na lile.

Kwa majuma kadhaa akina mama walikuja Kangemi wakakuta kufuli. Kisha Senje akasimama tena kanisani, akashukuru mbele ya wote kwa ile nyumba tupu ya Hurlingham. Nilipomuuliza kwa nini, kwa nini baada ya yote yale, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilimwambia Mungu asante," alisema. "Wao walisikia tu."

Mtu atasema ninawaonea, na pengine pale Ngara, nikiwa na kikombe mkononi, nilikuwa nikiwaonea. Wamemlilia mpaka wamekauka. Walilala sakafuni hospitalini kwa zamu. Hakuna mtu atakayenililia hivyo mimi, niliyechagua nyumba yenye lango na simu isiyopokelewa asubuhi. Lakini waliposema kwamba hakujua kuketi, na walilisema kama sifa, niliitazama mikono yao iliyojaa na nikatamani kuipiga. Alijua. Alijifunza akiwa mtu mzima, kwa shida, kama mtu anavyojifunza kusoma uzeeni, na nyinyi mkamwambia ni ugonjwa.

Walikuja Hurlingham Alhamisi ya mwisho wa Novemba mwaka ule. Askari wa getini ndiye aliyenipigia. "Madam, kuna wamama hapa, ni wengi. Wamebeba chupa za chai. Wanasema wako na mgonjwa juu. Niwafungulie ama?" Nikatoka nje. Walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta, kumi au zaidi, na vitambaa vyao vyeupe na vikapu, na vumbi la barabara miguuni kwa sababu walikuwa wametembea. Mama Beti alinipungia mkono kwa furaha. "Nekesa! Kumbe mlimficha pazuri hivi!" Bwana Mutua alitokea nyuma yangu, akawatazama, akavua miwani. Alisema kwa sauti ambayo haikuwa na ukali wowote, "Huyo mama wa juu, akae hata mwaka mzima. Hawa, hapana. Nina wapangaji. Mwambie aseme neno moja tu, warudi kwao, na yeye abaki." Nikapanda ngazi mbili mbili.

Senje alikuwa ameshawaona dirishani. Alikuwa bado ameketi, lakini miguu ameikunja.

"Ni neno moja," nilimwambia. "Senje, ni neno moja tu. Wakirudi leo hawatakuja tena. Daktari amekuambia, mimi nimekuambia. Sema tu niwapelekee."

"Nikisema warudi, watarudi," alisema. "Hawatakasirika. Hiyo ndiyo mbaya. Watatembea mpaka Kangemi wakijiuliza wamenikosea nini."

"Wajiulize!"

"Wewe unaweza hivyo. Sikulaumu."

"Na Mungu? Ulisema unamngoja aseme."

"Alisema."

Sikuwa nimelitarajia hilo. Nikasimama katikati ya ile nyumba tupu nikihema. "Alisema nini?"

"Alisema niketi." Aliweka kiganja sakafuni, akasukuma, akainuka kwa goti moja kwanza, kisha la pili, akajikung'uta sketi ijapokuwa hakukuwa na vumbi. "Nikaketi. Ilikuwa vizuri sana, Nekesa. Usije ukafikiri haikuwa vizuri."

"Basi keti."

Alifunga kitambaa chake kichwani, akakikaza, na nikaona uso wake ukirudi kuwa ule wa zamani, uso wa mtu anayehesabu watu watakaokula. Alivaa viatu. Nilikuwa nikilia kwa hasira na nilitaka anione, na aliniona. Akanishika mabega, akanipeleka chini ya dirisha, pale pale alipokuwa, sakafu bado ina joto lake, akanikalisha kama anavyokalishwa mtoto.

"Siku imebaki nusu nzima," alisema. "Usiitupe. Kaa wewe."

Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, kwa mikono miwili, mpaka ukafungika.